Anga la Heinlein na anga la Shaaban Robert

Mwaka 1954 Nairobi ilikuwa chini ya hali ya hatari. Mwezi Aprili wanajeshi wa Uingereza waliuzingira mji katika operesheni waliyoiita Anvil, wakakamata maelfu kwa maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawasomba hadi kwenye kambi za kizuizini. Jomo Kenyatta alikuwa kifungoni Lokitaung. Katika magazeti ya Ulaya na Marekani, Mkenya mweusi wa mwaka ule alikuwa mtu wa panga na kiapo cha usiku.

Mwaka huohuo kampuni ya Scribner's ya New York ilichapisha riwaya ya vijana iitwayo The Star Beast. Mwandishi wake alikuwa Robert Heinlein, ofisa wa jeshi la majini la Marekani aliyestaafishwa mapema kwa kifua kikuu, akaja kugeukia kalamu. Kisa kinatokea karne kadhaa mbele, dunia ikiwa na serikali moja na vyombo vyake vikienda nyota kwa nyota. Mtu anayebeba mzigo wa uhusiano kati ya wanadamu na viumbe wa sayari nyingine ni mtu mweusi kutoka Kenya, Henry Gladstone Kiku. Kwa lugha ya ofisi zetu tungemwita Katibu Mkuu wa Wizara ya Mambo ya Anga. Juu yake yupo waziri, mwanasiasa mwenye maneno mengi, lakini kila aliye wizarani anajua jalada gumu litaishia kwenye meza ya nani.

Nimekuwa nikivisoma upya vitabu vya aina hii, riwaya za kisayansi walizoandikiwa vijana wa Marekani na Uingereza kati ya mwaka 1947 na miaka ya 1960. Baadhi nilivipata kwenye vitabu vya mitumba vinavyotandazwa pembeni mwa barabara, vikiwa na mihuri ya maktaba za shule za ng'ambo. Kila ninapomaliza kimoja narudi kwa Kiku. Ninaamini yeye ndiye sababu kubwa ya msomaji wa Kiswahili kuvifungua tena.

Kisa chenyewe ni chepesi kukisimulia. Kijana John Thomas Stuart, wa 11 kuitwa hivyo katika ukoo wake, amerithi mnyama aitwaye Lummox. Mnyama huyo ana miguu minane, sauti ya mtoto wa kike, na tumbo lisilochagua: hula waridi za jirani, hula chuma. Mmoja wa mababu ndiye aliyemleta duniani kutoka safari ya mbali, kwa siri. Siku moja Lummox anatoka uani, anaharibu mali za watu, na vyombo vya sheria vinataka auawe. Wakati vijana wanahangaika kumficha, meli ya viumbe wenye nguvu kuliko wanadamu inasimama angani juu ya dunia na kudai mtoto wao aliyepotea. Wasipompata, dunia itateketezwa. Mtoto huyo ndiye Lummox.

Hapo ndipo Kiku anapofanya kazi. Ana hofu kubwa ya nyoka, hofu ya kutetemeka, na mjumbe anayelazimika kuzungumza naye, Dokta Ftaeml, ana kichwa kilichojaa minyiri inayojipinda kama nyoka. Kiku anakaa naye meza moja. Anasikiliza zaidi ya anavyosema. Anampa waziri wake heshima ya nje huku akimzuia asiharibu mambo, kazi ambayo makatibu wakuu wa nchi zetu wanaielewa bila kufafanuliwa. Anagundua kwamba Lummox hataki kuondoka bila yule kijana, na kwamba hao wanaotisha nao wana jambo wanalolihitaji. Kutokana na uzi huo mwembamba anasuka mkataba. Dunia inaokolewa na mtumishi wa umma anayejua taratibu, bila risasi moja kufyatuliwa kuelekea ile meli.

Heinlein hafanyi hoja ya rangi ya Kiku. Anamtambulisha kwa shahada yake ya Oxford, kwa udaktari wa heshima wa Cape Town na nishani ya Uingereza, halafu anamwacha afanye kazi, akichoka na kuwaza kustaafu arudi kwao Kenya. Fikiria udaktari ule wa Cape Town. Ubaguzi wa rangi ulikuwa sera ya serikali ya Afrika Kusini tangu 1948. Na nyumbani kwa mwandishi, hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani dhidi ya kutenganisha watoto weupe na weusi shuleni ilitolewa tarehe 17 Mei 1954, mwaka uleule wa kitabu. Katika majimbo ya kusini palikuwa na wanafunzi walioweza kukutana na ofisa mweusi mwenye mamlaka juu ya dunia nzima katika kitabu cha maktaba, ilhali sheria ya jimbo lao ilikataza mtoto mweusi kuketi nao darasani.

Iliwezekanaje? Jibu langu ni kwamba aliwekwa angani. Angekuwa katibu mkuu wa wizara ya Marekani ya mwaka 1954, wahariri na wakutubi wangeuliza maswali. Alipokuwa mbele kwa karne kadhaa, akishughulika na viumbe wenye minyiri kichwani, alipita. Hadithi ya anga ilikuwa mahali ambapo jambo lisilosemeka duniani lingeweza kusemwa, tena kwa watoto, mbele ya wazazi wao.

Sisi hatuhitaji kufundishwa hilo na Mmarekani. Miaka mitatu kabla ya Kiku, mwaka 1951, Shaaban Robert alichapisha Kusadikika. Wengi tuliisoma kama kitabu cha mtihani, tukakariri majina ya wajumbe sita na sifa za Karama, tukasahau jambo la kwanza tunaloambiwa kuhusu nchi yenyewe: iko angani. Inaelea. Wajumbe wake wanatumwa pande zote nne za dunia, na wengine mbinguni na ardhini, kama vyombo vya uchunguzi, kisha wanarudi na habari za namna watu wengine wanavyoishi, na kila mmoja anatupwa gerezani kwa habari hizo. Karama anasimama mahakamani kutetea elimu ya sheria mbele ya mfalme, huku waziri mkuu Majivuno akimshtaki. Mwandishi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni Tanganyika. Angeandika juu ya mahakama za Tanga na wafungwa wa Tanganyika, kalamu yake isingefika mbali. Aliinyanyua nchi nzima akaitundika hewani, na kitabu kikapita, kikaingia hadi madarasani.

Sisemi kwamba Shaaban Robert aliandika riwaya ya roketi. Hakuandika, na wala hakuihitaji. Ninasema kwamba katika miaka ileile waandishi wawili wasiojuana, mmoja Mswahili wa Tanga na mwingine Mmarekani wa Missouri, waliona anga kuwa pahali pa usalama pa kuhifadhi mawazo ya hatari. Ukivisoma vitabu vyao pamoja, ile ramani ya fasihi tuliyozoeshwa shuleni, fasihi ya Kiswahili chumba kimoja na fasihi ya kisayansi chumba cha mbali, haina maana tena. Na ukumbuke vijana wa Kiafrika waliojua Kiswahili walikuwa wakipewa nini wakati huo: Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Haggard, ambamo Wazungu watatu wanakwenda kuchukua almasi za watu weusi, na Mwafrika bora ni yule anayewasaidia wasafiri au mfalme anayerudishiwa kiti chake kwa msaada wao. Kati ya Mwafrika wa Haggard na Kiku kuna umbali mkubwa kuliko ule wa kutoka hapa hadi Mirihi.

Heinlein aliwaandikia Scribner's riwaya 12 za vijana, moja kila mwaka, kuanzia Rocket Ship Galileo ya 1947 hadi Have Space Suit—Will Travel ya 1958. Wanunuzi wakubwa walikuwa maktaba, kwa hiyo kila mswada ulipita chini ya jicho la mhariri Alice Dalgliesh, mwandishi wa vitabu vya watoto yeye mwenyewe, ambaye alijua wakutubi wangekubali nini. Walivutana sana. Kuhusu Red Planet ya 1949 waligombana juu ya watoto wanaobeba bunduki. Nadhani mvutano ule ulimsaidia Heinlein zaidi ya alivyokiri. Mwaka 1959 alipeleka Starship Troopers, Scribner's wakaikataa, akaipeleka kwingine, na ndipo uhusiano ulipokatika. Kitabu kile kilipata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata na bado kina watetezi wengi. Mimi nakiona kigumu na chenye hotuba nyingi mno. Vile 12 vilivyotangulia, vilivyoandikwa chini ya mhariri asiyemwogopa, ni bora.

Wanaovirudia vitabu vya enzi hiyo huanza kwa kuhesabu makosa ya kisayansi, na makosa ni tele. Isaac Asimov, chini ya jina la bandia la Paul French, aliandika riwaya sita za Lucky Starr kati ya 1952 na 1958. Katika hizo Zuhura imefunikwa na bahari, na Utaridi ina upande mmoja usiotazama jua kamwe. Desemba 1962 chombo cha Mariner 2 kilipita karibu na Zuhura kikathibitisha joto la tanuri. Mwaka 1965 rada ya Arecibo, Puerto Rico, ilionyesha kwamba Utaridi hujizungusha na kila upande wake hupata zamu ya jua. Julai mwaka huohuo Mariner 4 ilileta picha 22 za Mirihi: mashimo ya vimondo kama ya mwezini, hewa nyembamba mno, hakuna mfereji hata mmoja. Asimov alifanya jambo la kiungwana. Matoleo mapya ya miaka ya 1970 aliyaandikia dibaji akiwaeleza vijana waziwazi ni wapi sayansi ya kitabu imepitwa na wakati, kisha akawaacha wasome. Natamani vitabu vyetu vya sayansi vya shule ya msingi vingekuwa na dibaji za namna hiyo.

Kosa ninalolipenda kuliko yote limo katika Starman Jones ya 1953. Meli inaruka kutoka eneo moja la anga hadi jingine kwa mwendo usioelezeka, lakini chumba cha mahesabu kinaendeshwa na watu wenye vitabu vya majedwali. Mmoja anapima nyota, mwingine anafungua kurasa na kutafuta namba, anaigeuza kuwa lugha ya sufuri na moja, mwingine anaiingiza kwenye kompyuta kwa swichi, na taa zinawaka kujibu. Wote wanasema kwa sauti ili kosa lisikike. Heinlein hakuota kwamba kompyuta ingeweza kuhifadhi majedwali yenyewe. Aliyewahi kufanya mtihani wa hisabati akiwa na kitabu cha logi mkononi, kidole kikishuka kwenye safu na kwenda kulia kutafuta tarakimu ya nne, ataujua moyo wa chumba kile mara moja: jasho, ukimya, na hofu ya kuruka mstari mmoja. Max Jones, mtoto wa shambani aliyerithi vitabu vya mjomba wake, amevikariri vyote. Chama cha wanataaluma kimemnyang'anya vitabu na kumkatalia uanachama kwa kuwa mjomba hakuliandikisha jina lake. Anapanda meli kwa vyeti vya kughushi. Meli inapopotea na majedwali yasipopatikana, yeye ndiye kitabu kilichobaki.

Ningetegemea mwandishi wa watoto amsamehe Max kwa ushujaa wake. Heinlein hakufanya hivyo. Mwishoni Max anakiri udanganyifu wake na anaadhibiwa, faini nzito juu, ndipo anaruhusiwa kuendelea na kazi. Heinlein anamwachia kijana msomaji swali lisilo jepesi: mlango uliofungwa kwa dhuluma, je, ni halali kuufungua kwa uongo? Kwa nchi ambamo vijana wengi wenye vipaji wanakwama kwa kukosa karatasi, hilo ni swali la leo hii.

Huo ndio ugumu ninaouheshimu katika vilivyo bora kati ya vitabu hivi. Vilimwamini kijana wa miaka 14 kwamba anaweza kubeba jambo zito. Mfano wa juu kabisa, kwangu, ni Citizen of the Galaxy ya 1957. Kinaanzia kwenye mnada wa watumwa katika mji wa Jubbulpore, sayari ya mbali. Mtoto mchafu, mwenye makovu, anapandishwa jukwaani, hakuna anayemtaka, na ombaomba mwenye jicho moja na mguu mmoja, Baslim, anamnunua kwa senti chache. Baslim anamlea Thorby, anamfundisha kusoma, hesabu na lugha. Polepole tunajua kwamba ombaomba yule ni ofisa wa siri anayefuatilia biashara ya utumwa. Baslim anapokufa, Thorby anachukuliwa na wafanyabiashara wanaoishi ndani ya meli zao vizazi na vizazi, kila meli ukoo mmoja wenye mila zake, ambapo namna unavyomwita mtu inategemea hasa mlivyo kindugu. Anayesoma kutoka pwani yetu hatapotea ndani ya meli ile.

Halafu hadithi inageuka kwa namna ambayo bado inanishangaza. Thorby anarudishwa duniani na kugunduliwa kuwa mrithi wa kampuni kubwa kupita zote. Katika kuchunguza mali zake anakuta kwamba meli zinazotengenezwa na kampuni zake zimekuwa zikiishia mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Pambano la mwisho la kitabu hiki cha watoto linapiganwa katika mkutano wa wanahisa, kwa hati za uwakilishi na kura, wakili akiwa pembeni. Heinlein alitaka msomaji wake ajue kwamba utumwa una mnyororo wa chuma huku chini na vitabu vya hesabu kule juu.

Soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sultan Barghash, na leo pamesimama kanisa kuu la Kianglikana. Tunapowapeleka watoto wetu pale tunawaonyesha vyumba vya chini na minyororo. Ni mara chache kuwaonyesha safu ya pili: wenye mashamba ya karafuu, wakopeshaji wa fedha, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walioleta vitambaa vya merikani na kuchukua pembe za ndovu zilizofika pwani mabegani mwa watu, wengi wao wakiwa watumwa. Salem na Zanzibar walifanya biashara kwa miongo mingi chini ya mkataba wa 1833, na waliofaidika walirudi kwao watu wa heshima. Sina ushahidi kwamba Heinlein alikuwa na Zanzibar akilini. Lakini riwaya yake ya watoto inaeleza utaratibu ule vizuri kuliko vitabu kadhaa vya historia vilivyoandikwa kwa ajili ya shule zetu, na ningempa mwanafunzi asome sura zile za mwisho kabla ya ziara ya Mkunazini.

Kuhusu wasichana, enzi ile ilifeli, na sitaki kuupunguza ukali wa neno hilo. Mashujaa wa vile vitabu 12 vya Scribner's ni wavulana. Wasichana wao mara nyingi ni werevu kuliko mashujaa: Betty wa The Star Beast, ambaye ameachana na wazazi wake kisheria, ndiye anayefikiri kwa niaba ya John Thomas. Bibi Hazel wa The Rolling Stones ni mhandisi. Na katika Tunnel in the Sky ya 1955 yumo Caroline Mshiyeni, msichana wa Kizulu, mwindaji shupavu kuliko wavulana walio karibu naye. Ila bado wanakaa kando ya hadithi ya mtu mwingine. Andre Norton, mwandishi na mkutubi wa Cleveland aliyezaliwa Alice Mary Norton na kujipa jina la kiume kisheria mwaka 1934, alijua soko lilivyo. Ilibidi kusubiri mpaka 1962, Madeleine L'Engle alipotoa A Wrinkle in Time baada ya kukataliwa na wachapishaji wengi, ndipo msichana mwenye miwani na hasira, Meg Murry, alipopewa safari iwe yake mwenyewe. Mwaka 2018 Ava DuVernay alipokipiga filamu kisa hicho alimpa nafasi ya Meg binti mweusi, Storm Reid, na kisa kilimpokea bila taabu yoyote.

Tunnel in the Sky inastahili neno zaidi. Wanafunzi wanatumwa sayari ngeni kwa mtihani wa siku chache wa kuishi porini, mlango wa kurudia unaharibika, na wanabaki peke yao kwa muda mrefu. Mwaka mmoja tu kabla yake William Golding alikuwa amechapisha Lord of the Flies, ambamo watoto wa Kiingereza walioachwa kisiwani wanageuka wauaji. Vijana wa Heinlein wanapigana, wanakosea, wanazika wenzao, kisha wanaitisha uchaguzi, wanachimba vyoo na kujenga kuta. Rod Walker, anayekuja kuwaongoza, hatajwi rangi yake moja kwa moja, ila dalili zimetawanywa kwamba ni mweusi. Waokoaji wanapofika hatimaye, watu wazima wanawaongelesha kama watoto waliopotea sokoni, na Rod, aliyekuwa meya, anarudishwa kuwa mwanafunzi. Uchungu wa sura hiyo ni wa kweli kabisa. Golding anasifiwa kwa kuona giza. Mimi nasimama na Heinlein, aliyeona kwamba vijana wanaweza kujitawala na kwamba wakubwa hawapendi kulikubali hilo.

Hata hivyo kuna mahali ambapo msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kusoma kama msomaji wa Ohio. Vitabu hivi vimejaa walowezi. Farmer in the Sky ya 1950 ni kitabu kizuri sana kuhusu kutengeneza udongo kwa kusaga mawe kwenye Ganymede, mwezi wa Mshtarii, na kwa kuwa Ganymede haina mwenyewe, mtu anaweza kukifurahia kwa moyo mweupe. Red Planet haiko hivyo. Mirihi ina wenyewe, wazee, watulivu, na wanadamu wamefika na kujenga. Jim, kijana wa walowezi, ana rafiki wa Kimirihi, Willis, kiumbe wa mviringo mwenye manyoya anayeweza kurudia neno kwa neno mazungumzo aliyoyasikia. Mkuu wa shule ya bweni anamnyang'anya Willis, na yeye na wakala wa kampuni inayotawala koloni wanapanga kumuuza kwenye bustani ya wanyama ya London. Baadaye tunaelewa kwamba Willis ni mtoto wa wenyeji wale wenye hekima. Nikirudia sura hizo leo nakiona kile ambacho Heinlein alikiona nusu: mtoto wa wenye nchi amefungiwa kabatini, akisubiri kuuzwa kama mnyama, na aliyefanya hivyo ni mwalimu.

Wamirihi wanatoa hukumu. Wale wawili wanatoweka, na wanadamu wote wanaamriwa kuondoka kwenye sayari. Daktari mzee wa koloni anasihi, na wanaruhusiwa kubaki kwa sababu moja tu, urafiki wa Jim na Willis. Mwaka 1949, Nyanda za Juu za Kenya zikiwa zimetengwa kwa ajili ya Wazungu, kuandika kwamba walowezi wanakaa kwa hisani ya wenyeji, na kwamba hisani hiyo inaweza kuondolewa, lilikuwa jambo kubwa. Lakini kitabu kinasimuliwa kutoka upande wa Jim tangu mwanzo hadi mwisho. Walowezi wanatangaza uhuru wao kutoka kwa kampuni, na hakuna anayewauliza Wamirihi uhuru huo ni wa nani na juu ya ardhi ya nani.

Anga lile halikuwa mbali nasi kamwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 NASA ilikuwa na kituo Unguja, na John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomfuatilia. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikisherehekea siku yake. Mtoto wa Malindi angeweza kuliona jambo hilo kwa macho yake, na rafu ya riwaya za Kiswahili za kumpandisha kwenye roketi ile ilikuwa fupi mno, na bado ni fupi. Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa, alimrusha Dzombo hadi sayari nyingine katika Walenisi ya 1995, akitumia anga kama Shaaban Robert alivyolitumia. Wanuri Kahiu alitengeneza filamu yake fupi Pumzi mwaka 2009, Afrika Mashariki baada ya vita vya maji. Hizo ni kazi za watu wazima. Kijana wa kidato cha pili anastahili zake.

Ningeanza na tafsiri tatu: The Star Beast, Citizen of the Galaxy na Red Planet. Haki za vitabu hivyo bado zina wenyewe, kwa hiyo mchapishaji atalazimika kulipa, na nadhani inafaa alipe. Mfasiri awe mtu wa pwani na awe amewahi kufanya kazi serikalini, ili Kiku azungumze kama katibu mkuu wa kweli. Kila kitabu kiwe na dibaji fupi ya namna ya Asimov: hapa sayansi imebadilika, hapa mwandishi hakuona. Red Planet ifundishwe sambamba na Kusadikika, darasa moja, muhula mmoja. Na mwanafunzi akiuliza kwa nini Wamirihi hawana hata sura moja ya kusimulia wenyewe, mwalimu asimjibu. Ampe karatasi aiandike.